Mikono ya Nani? Historia Fupi ya Kadi Tunazotumiana

Mwanamke aliyewazoesha Wamarekani kununua kadi za mapenzi hakuwahi kuolewa. Aliitwa Esther Howland. Aliishi Worcester, mji wa jimbo la Massachusetts, na kwa zaidi ya miaka 30 kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi za Valentine ambazo watu wengine walitia sahihi na kuwatumia wapenzi wao.

Wanaosimulia historia ya kadi hupenda kuanza na yeye. Mimi naona tukianzia hapo tutakuwa tumeruka sehemu tamu. Kabla ya Esther kadi zilikuwepo tele, ila nyingi zilitengenezwa na mtu yuleyule aliyezituma. Baada yake zikawa kitu cha kununua. Siku hizi kuna vijana wanaorudi kukata manila na kupaka gundi, na kuna wanaowacheka, ati hayo ni mambo ya watoto wa nasari au ya mtu aliyeishiwa. Kwa hivyo nina swali moja nitakalolibeba kutoka mwanzo hadi mwisho: kadi ikikufikia, ni mikono ya nani imeitengeneza?

Kabla ya duka

Turudi Uingereza na Marekani, mwisho wa karne ya 18. Ukitaka kumwambia mtu unampenda, huna duka la kukimbilia. Una karatasi, kalamu ya unyoya, mkasi na jioni ndefu. Wapo waliotoboa karatasi kwa pini, tundu baada ya tundu, hadi ikafanana na kitambaa cha lesi. Wapo walioikunja na kuikata kwa mkasi mdogo ili ikifunguliwa itokeze safu ya njiwa na mioyo.

Lakini mtindo ninaoupenda zaidi ni wa karatasi ya fumbo. Unachukua karatasi ya mraba, unaikunja sehemu tatu kwa upana na sehemu tatu kwa urefu, unapata vyumba tisa. Kisha unazikunja kona na kuizungusha hadi inajifunga yenyewe kuwa kifurushi kidogo. Mpokeaji anafungua ukunjo mmoja, anakuta mstari wa shairi. Anafungua wa pili, mstari mwingine. Mara nyingi mistari iliwekewa namba ili asipotee njia. Mwishowe, katikati kabisa, ndipo anapokuta moyo, au jina, au ombi lenyewe.

Sasa usidhani kila aliyetengeneza kadi alikuwa mshairi. Mwaka 1797 kilichapishwa kitabu huko Uingereza kilichoitwa The Young Man's Valentine Writer, kimejaa mistari ya mapenzi kwa ajili ya vijana ambao maneno yamewakauka. Unanakili, unabadilisha jina, mambo yanasonga. Kwa hivyo hii tabia yetu ya kuchukua ujumbe wa mtu mwingine na kuusambaza kama ulivyo haikuanza na simu. Tofauti ni kwamba wao hata kunakili walinakili kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine, na mpokeaji aliujua mwandiko.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyozuia kadi isiwe biashara kubwa: posta ilikuwa ghali. Uingereza barua ilitozwa kulingana na umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa alikuwa mpokeaji. Bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya pili, ndiyo maana barua za wakati huo zilikunjwa na kuandikwa anwani kwa nje, bila bahasha. Hebu fikiria: unampenda mtu kimyakimya, unamtumia kadi, halafu yeye ndiye anaitishwa pesa mlangoni.

Mwaka 1840 mambo yaligeuka. Serikali ya Uingereza ilileta stempu ya peni moja. Aliyelipa sasa ni mtumaji, na barua nyepesi ilifika popote nchini kwa bei hiyohiyo. Mmoja wa waliosaidia kuusukuma mpango huo ni mfanyakazi wa serikali aliyeitwa Henry Cole, na miaka mitatu baadaye mpango huo ulimrudia. Krismasi ya 1843 alijikuta na barua za kujibu kuliko muda aliokuwa nao. Akamwomba msanii John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya kuwatumia watu wote. Katikati kuna familia inayoinua glasi za divai, na pembeni kuna maskini wanaolishwa na kuvishwa. Zilichapishwa nakala 1,000 hivi. Wapinga pombe walikasirika, kwa sababu kwenye picha kuna mtoto mdogo anayenyweshwa divai.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia kuhusu kadi hiyo. La kwanza ni bei. Ziliuzwa shilingi moja kila moja, na shilingi ya Uingereza wakati huo ilikuwa peni 12. Yaani pesa ya kadi moja ingenunua stempu 12. Mtu wa kawaida hakuwa na ubavu huo. La pili ni kwamba chapa ilitoa mistari ya picha tu. Rangi zilipakwa kwa mkono, kadi baada ya kadi. Kwa hivyo hata kadi hiyo ya dukani ilipita mikononi mwa mtu. Ila mkono huo haukuwa wa Cole.

Meza ndefu ya Worcester

Esther Howland alizaliwa mwaka 1828. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na karatasi. Mwaka 1847 alimaliza masomo Mount Holyoke, shule ya juu ya wasichana, na muda mfupi baadaye akaona kadi ya Valentine iliyotoka Uingereza, yenye lesi ya karatasi na maua. Akaona anaweza kutengeneza nzuri kuliko ile. Aliagiza karatasi za lesi na mapambo kupitia duka la baba, akatengeneza sampuli kama dazeni moja, akampa kaka yake ambaye alikuwa akizunguka kuuza bidhaa za duka. Inasimuliwa kwamba alitarajia oda za dola 200. Kaka alirudi na oda za zaidi ya dola 5,000.

Enyewe hapo mtu mmoja hawezi. Esther aliwaita marafiki zake, akawaketisha kwenye meza ndefu katika ghorofa ya tatu ya nyumba yao. Mmoja anakata picha, mwingine anapanga karatasi ya chini, mwingine anabandika lesi, na kadi inapita mkono hadi mkono ikizidi kukamilika. Huo ni mtindo wa kiwanda, zaidi ya miaka 60 kabla ya Henry Ford kuutumia kwa magari. Biashara ilipokua, wanawake wengine walipelekewa boksi la vifaa na sampuli, wakafanyia kazi nyumbani kwao, kisha kadi zikachukuliwa. Esther alizikagua. Nyuma ya kadi nyingi iligongwa herufi ndogo ya H kwa rangi nyekundu.

Ubunifu wake haukuwa wa mchezo. Aliweka karatasi ya rangi kali chini ya lesi nyeupe ili mapambo yaonekane vizuri. Aliweka vikunjo vidogo vya karatasi kati ya tabaka ili lesi isimame, isilale bapa. Mwaka 1879 alitoa kitabu chenye mashairi 131. Ukiipenda kadi lakini shairi lake halikukai, unachagua lingine kitabuni, linabandikwa juu ya lile la kwanza. Inasemekana biashara yake ilifikia dola 100,000 kwa mwaka, na hiyo ni wakati ambapo mwanamke kuendesha kampuni lilikuwa jambo la kushangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliiuza kwa George C. Whitney, akarudi nyumbani kumtunza baba yake aliyekuwa mgonjwa.

Hapa ndipo swali langu linaanza kuuma. Kadi za Esther zilikuwa za mkono kwelikweli. Hakuna mashine ingeweza kubandika maua yale. Lakini waliokata na kubandika hawakumjua anayependwa, na anayependwa hakuwajua wao. Aliyenunua alikuwa amenunua saa kadhaa za maisha ya wanawake wa Worcester, akazitoa zawadi kwa jina lake. Herufi ya Esther tunayo hadi leo. Majina ya wale wa mezani hayakugongwa nyuma ya kadi.

Simlaumu Esther. Aliwapa wanawake kazi ya kulipwa, na wateja walipata kitu kizuri. Ninachokiona ni badiliko lenyewe. Zamani, ukipokea kadi iliyotobolewa kwa pini, ulijua mtu fulani aliketi jioni nzima akikufikiria. Baada ya meza ya Worcester, ulijua tu kwamba mtu fulani alikuwa na pesa, na labda jicho la kuchagua.

Karatasi ilipokosekana

Whitney aliingiza mashine, kadi zikachapishwa kwa wingi, bei ikashuka. Kampuni iliendelea hadi mwaka 1942, ikafungwa kwa sababu Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeleta uhaba wa karatasi. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyotuachia kadi ya mkono ambayo mimi naiweka juu ya zote.

Tarehe 12 Desemba 1944, ndani ya kambi ya mateso ya Auschwitz, msichana Myahudi kutoka Poland aitwaye Fania Landau alitimiza miaka 20. Yeye na wenzake walikuwa wafungwa waliolazimishwa kufanya kazi katika kiwanda cha silaha. Siku hiyo walimpa kadi. Aliyeitengeneza ni rafiki yake, Zlatka. Ina umbo la moyo, ni ndogo kiasi cha kufichika kiganjani, imefunikwa kwa kitambaa cha zambarau na kudariziwa herufi F. Ukiifungua, kurasa zinakunjuka kama ua, na juu yake wanawake wenzake wameandika salamu zao kwa Kipolandi, Kijerumani, Kifaransa na Kiebrania.

Fikiria gharama yake. Karatasi, mkasi, uzi, penseli: hakuna mfungwa aliyeruhusiwa kuwa na vitu hivyo. Vilipatikana kwa kubadilishana na mkate, na kule mkate ndio uliokuwa uhai. Hata gundi ilikuwa mkate uliolowekwa maji. Wangeshikwa, wangeweza kuuawa wote waliotia sahihi. Na bado waliamua kwamba msichana wa miaka 20 hawezi kukosa kadi.

Mwezi uliofuata Wanazi waliwaondoa wafungwa kambini, wakawatembeza kwa miguu kwenye baridi kali, na wengi walifia njiani. Fania alitembea na kadi yake akiwa ameificha mwilini. Alinusurika, akahamia Kanada, na mwaka 1988 akaikabidhi kwa makumbusho ya Holokosti ya Montreal. Ipo huko hadi leo. Ukiuliza ni mikono ya nani iliitengeneza, jibu limo ndani yake, kwa mwandiko wa kila mmoja wao.

Miaka michache baada ya vita, huko Czechoslovakia, msichana wa miaka saba aitwaye Jitka Samková alitaka kuishukuru UNICEF kwa msaada uliofika kijijini kwao. Karatasi ilikuwa adimu, kwa hivyo alichora picha yake juu ya kipande cha kioo: wasichana wanaocheza kwa furaha. Mwaka 1949 picha hiyo ikawa kadi ya kwanza ya UNICEF, na kwa miongo mingi shirika hilo likauza kadi kuchangisha pesa za watoto duniani. Biashara nzima hiyo ilianza na asante ya mtoto mmoja.

Kadi zetu za mtihani

Huku kwetu kadi zilifika pamoja na posta, misheni na shule. Stempu za kwanza za eneo hili zilitolewa mwaka 1890, chini ya kampuni ya Imperial British East Africa. Zikaja kadi za Krismasi zenye theluji, katika nchi ambayo theluji utaiona tu ukipanda Mlima Kenya. Lakini kadi tuliyoichukua tukaifanya yetu kabisa ni ile ya kumtakia mtahiniwa heri. Saksesi kadi, ndivyo sote tulivyoiita.

KCPE ilianza mwaka 1985 na KCSE mwaka 1989, na mitihani hiyo ikawa mlango ambao kila familia ilikodolea macho. Muhula wa tatu ukifika, wachuuzi walizitandaza kadi kando ya barabara na maduka ya vitabu yakazining'iniza mlangoni. Nyingine ziliimba ukizifungua. Nyingine zilikuwa kubwa kama gazeti. Unanunua, unaandika mistari miwili, unabandika stempu, inaenda kwa sanduku la posta la shule. Kisha majina yanasomwa, paredini au wakati wa chakula, mbele ya watu wote.

Aliyesoma bweni anajua hapo ndipo kadi ilipogeuka hesabu. Mwenye kadi 30 alizitundika kwa uzi juu ya kitanda. Mwenye moja aliiweka katikati ya kamusi. Asiye na hata moja alijifanya ana usingizi. Wanasiasa nao waliinusa nafasi: mbunge anachapisha maelfu, zote zina uso wake mkubwa kuliko neno la heri, zinasambazwa shule zote za eneo lake. Mtahiniwa anapata kadi kutoka kwa mtu asiyejua hata jina lake. Henry Cole angefurahi. Kadi moja, watu wote, kazi imeisha.

Ndani ya hesabu hiyo, kadi ya mkono ilionekana ya kimaskini. Ilikuwa manila iliyokatwa ovyo, moyo wa felt pen, glita inayomwagikia shuka. Ilisema nyumbani hakukuwa na pesa. Ilisema pia jambo ambalo darasani hakuna aliyelihesabu: kuna mtu aliketi chini. Mimi kadi za dukani nilizopata sikumbuki hata moja iliandikwa nini. Nakumbuka ile ya mdogo wangu, iliyokatwa kutoka jalada la daftari lake mwenyewe, lile la hesabu, jedwali la kuzidisha bado liko nyuma. Alichora darasa, mimi peke yangu nimekaa ndani, kichwa kikubwa kuliko dawati. Kichwa kikubwa, alinieleza baadaye, kwa sababu majibu lazima yaingie.

Zama hizo zinapita. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu chini ya waziri Fred Matiang'i ilipiga marufuku ziara za wazazi na siku za maombi katika muhula wa tatu, ili kupambana na wizi wa mitihani, na ule msimu wa shamrashamra shuleni ukapoa. Mwaka 2023 KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho, na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. Na simu, bila shaka, zilikuwa zimeshachukua nafasi ya bahasha. Leo heri njema ni stika ya WhatsApp, na ukiwa mwema zaidi, unatuma na kitu kidogo kwa M-Pesa. Si mbaya. Pesa ina kazi yake, na mtahiniwa hali glita.

Nani analipwa, nani anakumbukwa

Na bado kadi za mkono zimerudi, kwa njia mbili tofauti.

Ya kwanza ni ya biashara. Tao kuna vijana wanaotengeneza kadi kwa oda na kuzitangaza mtandaoni: maua yaliyokaushwa, vipande vya kitenge, jina limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Mteja akiuliza bei hushtuka. Karatasi ya manila haifiki hata nauli ya matatu ya kwenda Kawangware, kwa hivyo anataka apunguziwe. Haoni saa tatu zilizobandikwa juu ya manila hiyo. Ni meza ya Worcester tena, ila safari hii mtu mmoja ndiye anakata, ndiye anabandika, ndiye anapiga picha, ndiye anabembeleza mtu wa boda asiikunje. Kama unanunua kadi kwa sababu ni ya mkono, basi mkono ndio unaounulia. Ukiomba punguzo la nusu, unaomba nusu ya jioni ya mtu bure.

Njia ya pili haihitaji pesa, na inaogopesha zaidi, kwa sababu huwezi kumpa mtu mwingine akufanyie. Ni kuketi mwenyewe. Watu husema hawajui kuchora. Waliokunja karatasi za fumbo karne mbili zilizopita wengi wao hawakuwa wasanii pia; walikuwa na karatasi moja na jambo la kusema. Na yule mdogo wangu hakujua kuchora kabisa, ushahidi ninao.

Kama ungependa kujaribu, anza na ile ya vyumba tisa. Chukua karatasi ya mraba, sehemu tatu huku, sehemu tatu kule. Andika jambo moja dogo na la kweli katika kila chumba, jambo ambalo kadi ya dukani haingeweza kulijua: mahali mlipokosa gari mkacheka, jina alilokupachika, deni lake la chapati mbili. Lile zito liweke katikati. Utakosea kukunja mara ya kwanza na ya pili.

Na ukiamua kununua, pia sawa. Muulize aliyeitengeneza anaitwa nani, umlipe alichotaja, na jina lake uliandike nyuma, pale ambapo Esther aligonga H.